Dunia Haina Picha za Utotoni: Hii Ndo Sababu Mawe Yake ya Kwanza Yalipotea

Kuna swali lilitupwa kwa kibandaski penye mimi hukunywanga chai asubuhi, na likatunyamazisha wote.

Ilikuwa ule ubishi wa kawaida wa kungoja chapo ziive. Msee mmoja wa nduthi alikuwa ameona klipu inasema dunia ina miaka bilioni 4.5. Akaweka kikombe chini, akatuangalia mmoja mmoja, akasema: "Sawa. Nionyesheni jiwe moja la miaka bilioni 4.5. Moja tu. Likikosa, hizo ni hesabu za kutunga."

Wasee wakacheka. Lakini manze, hakuna mtu alijibu. Mimi pia nilitulia na andazi langu, na ndo mimi hulipwa kuandika vitu mtandaoni. Kusema ukweli, kolegi nilitoka kabla ya kumaliza ju ya fee, na hata kozi yenye nilikuwa nafanya haikuwa ya mawe. Kwa hivyo nilirudi keja, nikaanza kusoma. Nilisoma siku tatu.

Na hii ndo ngori yenyewe: jamaa wa nduthi ako sawa, lakini nusu tu. Hilo jiwe haliko. Hakuna mtu ameshawahi kuokota jiwe la dunia lenye umri sawa na dunia. Si Kenya, si Marekani, si popote. Penye anakosea ni kusema kwamba kitu kikikosa picha, basi hakikuwahi kuwa.

Hiyo najua vizuri, ju hata mimi sina picha za utotoni. Nikiwa na miaka sita, nyumba zetu za mabati zilishika moto usiku. Tulitoka na nguo za kulala. Albamu ya mathe, yenye ilikuwa na picha zangu zote nikiwa mtoi, ikaisha. Kitu moja tu ilibaki: kadi yangu ya kliniki, ju mathe alikuwa ameiweka kwa kibeti. Kikaratasi kidogo kimekunjwa mara nne. Shikilia hiyo kadi kwa akili, tutairudia.

Kwanza uone ukubwa wa pengo

Dunia ina miaka takriban bilioni 4.54. Mawe makongwe zaidi yenye karibu kila mtaalamu anayakubali yako kaskazini-magharibi mwa Canada, kando ya mto Acasta. Hayo yana miaka bilioni 4.03. Kuna mengine kule Quebec, sehemu inaitwa Nuvvuagittuq, yenye watafiti walisema 2025 kwamba yana miaka bilioni 4.16, lakini hayo bado yanabishaniwa.

Piga hesabu. Ukitoa Acasta, kuna karibu miaka milioni 500 haina jiwe hata moja la kutuonyesha. Na milioni 500 si kitu kidogo. Dinosaria waliisha miaka milioni 66 iliyopita. Hilo pengo linaweza kumeza huo muda wote mara saba na libakishe nafasi.

Na hapa kwetu je? Mawe mengi ya kujenga Nairobi, yale ya Ndarugo yenye yamejenga ploti yako, ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Yana miaka milioni chache tu, hao ni watoi wa juzi. Makongwe yetu yako magharibi, pande za Migori na Kakamega, kule wasee wanachimba dhahabu. Hayo yamepita miaka bilioni 2.5. Yanasikika mazee sana, lakini wakati yanaundwa dunia ilikuwa imeshaishi karibu miaka bilioni 2. Hata wazee wetu walikuja kama sherehe imefika katikati.

Sasa, nani alichoma albamu? Si mtu mmoja. Ni sababu tano, na kila moja ilipita na kurasa zake.

1. Mwanzoni hakukuwa na kitu cha kupiga picha

Dunia ilijijenga kwa kugongwa. Mawe ya angani yaligongana, yakashikana, yakagongwa tena. Kila mgongano ulileta joto. Alafu, mapema sana kwa maisha yake, inaaminika dunia ilipigwa na kitu kikubwa karibu kama sayari ya Mars. Wataalamu wanakiita Theia. Vifusi vya hiyo ajali ndo vilikusanyika vikawa mwezi wenye unaonanga usiku.

Baada ya kipigo kama hicho, uso wa dunia haukuwa mawe. Ulikuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka, kama uji. Hata kama kulikuwa na mawe kabla ya hapo, yaliingia kwa sufuria yakachanganywa na mengine. Huwezi kutafuta jiwe la siku hiyo ju siku hiyo jiwe ngumu halikuwepo.

2. Kupigwa hakukuisha

Uso ukaanza kupoa, ukashika ganda kama maziwa yakiwachwa kwa kikombe. Lakini mawe ya angani yaliendelea kushuka. Ukitaka kujua ilikuwa noma kiasi gani, angalia mwezi. Yale madoadoa na mashimo yote ni makovu. Kubwa kuliko yote, lenye liko upande wenye hatuonangi kutoka hapa, lina upana wa kilomita 2,500 hivi. Hiyo ni kutoka Nairobi hadi Mombasa mara tano.

Dunia ni kubwa kuliko mwezi na inavuta vitu kwa nguvu zaidi. Kwa hivyo kama mwezi ulipigwa hivyo, sisi tulipigwa zaidi. Tofauti ni kwamba mwezi hauna mvua, hauna mito, hauna upepo, na ganda lake halijipindui. Makovu yake yamebaki vile yalivyo. Yetu yalifutwa.

3. Dunia inakula ganda lake yenyewe

Hii ndo sababu kubwa, kwa hivyo tulia hapa.

Ganda la dunia limekatika vipande vikubwa vinaitwa mabamba. Hayo mabamba yanasonga polepole, sentimita chache kwa mwaka, karibu vile kucha zako zinakua. Penye yanaachana, mawe yaliyoyeyuka yanapanda kutoka chini na kuunda ganda jipya. Penye yanakutana, moja linainama na kuzama chini ya lingine, linarudi kwa joto.

Ganda la chini ya bahari ndo zito, na ndo linazamanga. Bahari zinafunika zaidi ya nusu ya dunia, lakini sakafu yake karibu yote haijafika miaka milioni 200. Yaani nusu kubwa ya uso wa dunia ni mchanga kuliko dinosaria wa kwanza. Kila kitu chenye kilikuwa pale mbeleni kilishazama.

Enda Kamukunji uangalie wasee wa jua kali. Mlango wa gari mzee unaingia, chuma chakavu kinaingia, baadaye unatoka jiko mpya. Chuma ni ile ile. Lakini hata ukae na hilo jiko usiku mzima, haitakuambia kama kitambo ilikuwa Datsun ama mtungi. Dunia imekuwa kwa hiyo biashara kwa mabilioni ya miaka.

Wataalamu bado wanabishana mabamba yalianza kusonga lini hasa. Lakini wengi wanaona kwamba ganda la kwanza kabisa lilikuwa jeusi na zito, karibu kama lile la chini ya bahari leo, si jepesi kama la mabara. Kitu kizito kinazama. Ganda jepesi la mabara linaelea, na ndo maana mawe yote makongwe yenye tumebaki nayo yako ndani ya mabara, si baharini.

4. Mvua haina huruma

Sema jiwe limebahatika. Halijazama, halijapigwa. Bado kuna maji.

Mvua ikinyesha Nairobi, ule udongo mwekundu unaosha viatu vyako unaingia mto Nairobi, unafika Athi, unakuwa Galana, alafu Sabaki, na unamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kama umewahi kuwa Malindi msimu wa mvua, umeona bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo si uchafu tu. Hiyo ni milima inahama. Ni mawe ya bara yamesagwa yakawa vumbi na tope, yanaenda kulala chini ya bahari.

Mto mmoja na msimu mmoja unafanya hivyo. Sasa weka mito yote, na uipatie miaka bilioni 4. Mlima hauna ujanja hapo.

5. Yaliyobaki yalipikwa

Kuna mawe hayakuzama wala kusagwa, lakini yalifunikwa. Juu yake kukawekwa mawe mengine, kilomita baada ya kilomita. Uzito na joto vikayabana mpaka yakabadilika ndani. Madini yake yakajipanga upya. Jiwe bado liko, lakini stori yake ya kwanza imefutwa, kama msee amerudi ocha na jina lingine na lafudhi ingine.

Hata yale ya Acasta ni ya aina hii. Yalipikwa na kukunjwa zaidi ya mara moja. Ni kama umepata picha moja kwa majivu, lakini sura imeyeyuka nusu.

Basi umri tuliujuaje?

Hapa ndo jamaa wa nduthi alikuwa ananingoja. Kama hakuna jiwe, bilioni 4.54 ilitoka wapi?

Ilitoka kwa majirani.

Cucu yangu hana tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyeandika. Lakini ukimuuliza, anakuambia alizaliwa wakati fulani wa njaa, mwaka mmoja na mtoto wa jirani mwenye aliandikishwa kanisani. Hatuna karatasi yake, tuko na karatasi ya agemate wake. Hapo umepata umri.

Agemate wa dunia ni vimondo, yale mawe yanaanguka kutoka angani. Dunia na hayo mawe vilitoka kwa wingu moja la vumbi kuzunguka jua. Lakini vimondo vingi vilibaki vidogo. Havikuyeyuka kama dunia, havina mito wala mabamba. Vimekuwa vikielea baridi tangu siku hiyo, vimehifadhika.

Mwaka wa 1956, mwanasayansi Mmarekani anaitwa Clair Patterson alichapisha vipimo vya madini ya risasi ndani ya vimondo, kimoja kikiwa kile kilichochimba shimo kubwa kule Arizona. Jibu lake lilikuwa miaka bilioni 4.55. Karibu miaka 70 baadaye, hiyo namba haijasonga sana.

Alafu kuna kitu nilipata hapo nikashtuka. Patterson alisumbuka miaka mingi ju kila akipima risasi, vipimo vilikuwa vichafu. Risasi ilikuwa kila mahali: kwa vumbi, kwa nguo, kwa hewa. Akagundua nyingi ilikuwa inatoka kwa petroli ya magari, na ni sumu. Akaanza kupigana nayo, na makampuni hayakufurahi. Ni mwaka wa 2021 tu ndo UNEP, wale wa Gigiri, walitangaza hakuna nchi imebaki inauzia magari petroli ya risasi. Yaani msee alianza kutafuta umri wa dunia, akaishia kusaidia mapafu yako.

Na sikiza hii. Mwezi wa Julai 2011, kimondo kilianguka pande za Thika, mchana, kwa mashamba ya watu. Kilipopimwa, kikapatikana ni wa aina inaitwa kondriti, mawe yenye asili yake ni mwanzo kabisa wa jua na sayari zake. Kumaanisha jiwe moja kati ya yale makongwe zaidi kuwahi kushikwa na mkono hapa Kenya halikuchimbwa. Lilikuja lenyewe, likatua Thika.

Kadi ya kliniki ya dunia

Sasa turudi kwa ile kadi yangu. Kadi ya kliniki haikuonyeshi sura ya mtoto. Lakini ina tarehe, ina uzito, ina chanjo. Ukijua kuisoma, inakuambia mengi kuliko picha.

Dunia pia iliwacha kadi. Inaitwa zirkoni.

Zirkoni ni kito kidogo sana. Zile zenye ninazungumzia ni kama punje ya chumvi, zingine ndogo zaidi. Lakini ni ngumu ajabu. Jiwe lenye iliundwa ndani yake linaweza kusagwa na mto mpaka likwishe, zirkoni inatoka nzima. Inabebwa na maji, inafukiwa kwa mchanga, ule mchanga unakuwa jiwe lingine, na yenyewe bado iko.

Tena ina saa ndani. Zirkoni ikiundwa, inakuwa kama baunsa wa klabu: urani anaingia, risasi anarudishwa kwa mlango. Lakini urani ina tabia ya kubadilika polepole kuwa risasi, kwa mwendo unaojulikana. Aina moja inachukua miaka bilioni 4.47 kupungua nusu. Ingine inachukua milioni 704. Kwa hivyo ukifungua zirkoni ukute risasi ndani, unajua haikupita mlangoni, ilizaliwa humo humo. Unahesabu risasi, unahesabu urani, unapata miaka. Na ju saa ziko mbili, moja ikidanganya ingine inaichoma.

Magharibi mwa Australia kuna vilima vinaitwa Jack Hills. Mawe yake ni ya mchanga na kokoto, yana miaka takriban bilioni 3. Lakini ndani yake kuna zirkoni zenye zilitoka kwa mawe mazee zaidi, mawe yenye yalishaisha. Mwaka wa 2001 watafiti walitangaza punje moja imepimwa miaka bilioni 4.404. Mwaka wa 2014 wengine wakapima punje kutoka hapo kwa mashine ya kuhesabu atomu moja moja, wakapata bilioni 4.374.

Mama jiwe alikufa. Baba jiwe alizama. Mtoi wa ukubwa wa chumvi ndo amebaki kutoa ushahidi.

Na huo ushahidi uliharibu stori yote

Hapa ndo nilielewa kwa nini hii maneno si ya wazee wa maabara pekee.

Ju hakukuwa na mawe, watu walijaza pengo na kile walichofikiria. Hiyo enzi ya kwanza ikapewa jina Hadea mwaka wa 1972, kutoka kwa Hades, kuzimu ya hadithi za Wagiriki. Picha zenye tulichorewa ni moto, lava, moshi, anga nyekundu. Jehanamu ya nusu bilioni ya miaka.

Alafu zirkoni zikapimwa oksijeni yake. Oksijeni iko na aina nyepesi na nzito, na jiwe lenye limewahi kukutana na maji ya kawaida kwa joto la chini linabaki na mchanganyiko wake tofauti. Zirkoni za miaka bilioni 4.3 hivi zilikuwa na hiyo alama. Yaani mapema hivyo, labda miaka milioni mia mbili na kitu tu baada ya dunia kuanza, kulikuwa na maji. Si mvuke. Maji ya kumwagika.

Maji yanabadilisha kila kitu, ju bila maji hakuna uhai wenye tunajua. Dalili za uhai zenye zinakubalika zaidi ziko pia Australia, kwa mawe ya takriban miaka bilioni 3.5. Lakini 2015 watafiti walipitia zirkoni zaidi ya 10,000 za Jack Hills, wakapata moja, moja tu, ya miaka bilioni 4.1 ikiwa na vidoti vya kaboni ndani yenye mchanganyiko wake unafanana na wa vitu vyenye uhai. Wengine wanasema kaboni kama hiyo inaweza kutokea bila uhai, na ubishi bado uko mezani. Lakini fikiria tu: swali la wewe na mimi tulianzia wapi limening'inia kwa punje moja kati ya elfu kumi.

Kwa hivyo kile tulikuwa tunaita kuzimu, pengine sehemu kubwa yake ilikuwa bahari na visiwa. Kukosa picha hakukumaanisha kulikuwa na moto. Kulimaanisha hakuna picha, basi.

Picha ingine inaweza kuwa kwa shangazi

Miaka kadhaa baada ya ule moto, tulienda Nakuru kwa shangazi. Akatoa bahasha, ndani kukawa na picha yangu moja, nimekaa kwa beseni nikilia. Mathe alikuwa amemtumia kitambo akasahau. Mathe aliishika hiyo picha muda mrefu bila kuongea.

Shangazi wa dunia ni mwezi. Kati ya 1969 na 1972, wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 za mawe na vumbi la mwezi, mengine yamepita miaka bilioni 4. Na mwaka wa 2019 watafiti walisema kipande kidogo ndani ya jiwe moja la Apollo 14 kinafanana zaidi na mawe ya dunia kuliko ya mwezi. Wazo lao ni kwamba dunia ilipigwa miaka bilioni 4 hivi iliyopita, kipande kikaruka mpaka mwezini, kikakaa huko kikingoja. Si wote wamekubali. Lakini kama ni kweli, na kama kimoja kiliruka, viko vingine. Mwezi hautupi kitu.

Nilirudi kwa kibandaski

Jamaa wa nduthi alikuwa pale pale, kikombe kile kile. Nikamwambia: uko sawa, jiwe haliko. Dunia iliyeyuka, ikapigwa, ikajimeza, ikaoshwa, ikajipika. Sayari yenye bado ina mawe yake yote ya kwanza ni sayari iliyolala. Yetu haikulala, na ndo maana iko na bahari, milima, udongo wa kupanda sukuma. Lakini umri wake uko kwa agemate, na cheti chake kiko kwa punje ya chumvi.

Alifikiria kidogo. Nilidhani ataleta ubishi mwingine. Badala yake akaniambia mzee wake huko ocha hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na kila akienda kuandikisha kitu anaulizwa, ithibitishe.

"Na amezaa watoto saba," akasema. "Sasa hapo kwani hakuzaliwa?"

Nikamwonyesha kadi yangu ya kliniki, niko na picha yake kwa simu. Ndo nilitumia kupata cheti, na cheti ndo kilinipatia kitambulisho. Akaniuliza kama mzee anaweza kupata mtu wa rika lake mwenye ako na karatasi. Nikamwambia hapo nitauliza, sina uhakika. Lakini kwa dunia ilifanya kazi.

Wewe pia, leo ukirudi nyumbani, uliza mathe kadi yako iko wapi. Ipige picha, itume kwa shangazi.